Kuumeni

Barua ilifika Jumanne, imebanwa na bili ya umeme.
Ami Bachisio akaifungua kwa kisu cha jibini,
akainusa kwanza, kama anavyonusa kila kitu,
kisha akanipa: "Soma wewe. Macho yangu yamebaki malishoni."

Miezi miwili nyuma alitema mate kwenye kichupa
huku akinung'unika kwamba katika Barbagia nzima
mtu hutemea mate kitu anachokichukia,
si kitu anachotaka kukijua.
Lakini baba amekwisha kufa, nami ni binti;
kijiti hicho hakikupita mkononi mwangu.
Ikabidi tuazime mate ya ami.

Nikasoma.
Ukoo wenu wa kuumeni ni wa kale kuliko ngano.
Barafu ilikuwa imeikalia kaskazini yote
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka,
na watu wachache, wachache mno,
wakajibanza kusini kwenye mapango yanayopata jua,
wakishona ngozi kwa sindano za mfupa.
Humo, usiku mmoja usio na tarehe,
mtoto wa kiume alitungwa akiwa na kosa.

Herufi moja katika mamilioni. Mshono ulioruka.
Haukumtia kilema, haukumwongezea mbio;
aliwaogopa dubu kama wenzake.
Akampa mwanawe, mwanawe akampa mwanawe,
na hakuna aliyelisahihisha.
Leo kosa hilo ndilo jina letu.

"Kama Murru," ami akasema.
Najua alichotaka kusema. Babu wa babu yangu na nduguye
walikwenda siku moja kuandikishwa,
na karani, aliyeumwa jino siku hiyo,
akameza r ya ndugu.
Tangu hapo kuna Murru wa bondeni na Muru wa juu,
na hata makaburini tumepeana mgongo.

Barafu ikayeyuka. Wengine wakafuata kulungu kaskazini,
wengine wakashika pwani za magharibi,
wengine wakavuka hadi hapa,
barua haisemi kwa mtumbwi gani.
Ina ramani yenye mishale,
na mishale hailowi.
Kisha wakaja wakulima kutoka mashariki,
na mbegu, na vyungu, na kondoo.

"Subiri. Rudia hapo."
Nikarudia: kondoo walikuja na wageni.

Miaka sitini na minne ameamka gizani kwa ajili ya kondoo,
amevunjika mbavu mbili kwa ajili ya kondoo,
akiamini damu yake ilizaliwa ikinuka sufu.
"Sisi hatukuwa nao?"
"Tulikuwa na mishale, ami. Na mbwa, pengine."
Akaukuna mkate mkavu kwa ukucha, muda mrefu.
"Basi tuliwaoa," akasema.
"Mmoja wetu alimpenda binti wa mwenye zizi."

Hilo halimo kwenye barua.
Barua haina mama hata mmoja:
baba juu ya baba juu ya baba,
ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea.

Nikamalizia. Huko bara walifika wenye farasi na mikokoteni,
wakazaa mno, na sisi tukabaki punje punje
katika magunia ya watu.
Kisiwani walikuja wachache. Labda bahari iliwachosha.

Ami hakuoa. Baba alituacha mimi na Grazietta.
Kijiti kimevuka barafu, kimevuka maji,
kimefika jikoni hapa, kando ya sinki linalovuja.
Hatukulisema hilo, wala yeye wala mimi.

"Wale wa juu," akauliza, "wana wavulana?"
"Watatu."
Akakata jibini, nusu nzima, akaifunga kwa kitambaa.
"Wapelekee. Usiwaambie kwa nini."

Nikapanda mteremko, nikabisha mlango
ambao sijawahi kuubisha.
Akafungua mvulana wa miaka minane hivi, hana viatu.
Akapokea furushi kwa mikono miwili,
akalinusa kwanza.