Karani wa Mizani, Kakira

Lori likiingia na miwa naandika: tani thelathini na nne.
Likitoka tupu: kumi na mbili.
Kinacholipwa ni tofauti.
Miaka kumi na tisa nimekula kwa kutoa.

Shifti ya usiku foleni hulala,
madereva wamejikunja chini ya usukani,
harufu ya molasi imeingia hata kwenye chumvi yangu.
Hasmukh wa boila huja na chupa ya chai,
huvua viatu mlangoni kana kwamba kibanda hiki kina mwenyewe,
na kwa Kiswahili chake cha Jinja ya zamani husema:
Namukose, sasa jipime wewe.

Nikaketi. Mgongo wima, macho nusu,
pumzi ikiingia niko nayo, ikitoka niko nayo.
Nikapakua kwanza vyepesi:
karo ya Kagoya, goti la kushoto,
maneno ya msimamizi mbele ya watu.
Halafu jina langu.
Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Usiku mmoja wa Machi, baina ya lori la saba na la nane,
sindano iligusa sifuri.
Nisidanganye, sikuona nuru.
Taa ilikuwa taa, nyenje walikuwa nyenje,
ila msikiaji hakuwepo;
palikuwa na kusikia tu, kumekaa peke yake,
hakuna wa kukudai.
Honi ikapigwa, nikarudi
kama ndoo inayovutwa kisimani, nikimwagika njiani.

Nilimsimulia Hasmukh kwa majivuno.
Akacheka mpaka chai ikampalia.
Hiyo bado ina mbegu, alisema,
akanyoosha kidole dirishani, kwenye shamba linalowaka.
Leo wanachoma. Kesho wanakata.
Wiki ya tatu nenda ukaangalie.

Nikaenda. Majivu mpaka kifundoni,
na kila kisiki kimetoa ulimi wa kijani.
Hakuna aliyepanda.
Na pale, katikati ya mstari, nikamkuta kaka yangu Mugoya,
aliyeuza ekari mbili za baba mimi nikiwa wodi ya wazazi.
Nilidhani nimemchoma zamani.
Amechipua, shingo ileile,
koti lilelile la kahawia.

Hasmukh naye alikuwa na nyumba mjini Jinja,
jina la babake kwa saruji juu ya mlango, na mwaka.
Walifukuzwa akiwa kijana wa miaka kumi na minane.
Aliporudi, sheria ilikuwa upande wake, hati mfukoni.
Akabisha hodi. Mama mwenye mtoto mgongoni
akamfungulia, akampa kiti, akampa chai.
Akanywa, akashukuru, akaondoka.
Hati akaitia ndani ya boila.
Wanawe huko Lesta hawasemi naye.

Nikamuuliza: kule kulikuwa kuacha, au kuchoka?
Alinyamaza muda wa malori mawili.
Kwetu wanaita vairagya, alisema.
Mimi siku nyingine naita uvivu.
Kila Jumapili napita mtaa ule, sitazami juu.
Siku nitakayotazama juu nikaona saruji tu,
nitakuja kukwambia.

Alistaafu mwezi wa mvua. Hakuja.
Chupa yake iko hapa, kifuniko hakifungi vizuri.

Maelfu ya tani zimepita juu ya mizani hii
na haijawahi kunenepa.
Hilo nalitafakari siku hizi, badala ya nuru.

Jana trekta iliingia na miwa ya Bulongo.
Juu yake Mugoya, amezeeka, koti limechakaa.
Hakunitambua, au alijifanya.
Tani tisa na robo.
Nikaandika tisa na robo.
Mkono haukutetemeka.
Au ulitetemeka kidogo; wino ukishakauka
huwezi kujua.

Nikangoja sindano irudi chini, itulie.
Nikasema: aje mwingine.