Stakabadhi ya Kreni

Kila Julai huniletea mmoja.
Chuo hulipa kwa wiki, kitanda na kifungua kinywa,
nami hutandika shuka za mwanangu aliyehamia Oslo,
husogeza cherehani ukutani,
basi chumba kinaitwa cha mgeni.

Mwaka huu ni Itziar, kutoka Bilbao,
mrefu kama mlingoti, hali shibiti,
na mimi shibiti naitia hata ndotoni.
Asubuhi ana siasa. Kabla ya mchana, historia.
Jioni fasihi, bustanini, viatu wamevua,
washairi wetu waliokufa wakisomwa kwa Kiingereza
na vijana wa mataifa kumi na manne
wanaopiga miayo kwa adabu.

Hurudi na daftari limevimba.
"Leo," ananiambia, "tumejifunza mpito."
Mpito! Neno jepesi, waweza kulimeza bila maji.
Sisi tuliuita mwaka wa foleni,
mwaka wa mishumaa,
mwaka ambao Algimantas wangu alilala na koti mwilini,
viatu mlangoni vimeelekea nje.

Jumatano mwalimu wao aliwapeleka uwanjani
palipobaki jiwe la chini tu,
tupu kama meza iliyoondolewa vyombo.
Njiwa wawili, chupa ya bia, kibao cha chuma.
"Hapa," akasema, "umma uliiangusha sanamu."
Nilikuwa napita na mfuko wa viazi.
Nikapita.
Ulimi nikaufungia nyuma ya meno.
Nilikuwa na sababu.

Lakini usiku, supu baridi ya rangi ya waridi katikati yetu,
ikanitoka:
Umma ulikuwa umelala, Itziar.
Ilikuwa saa tisa na robo, mvua ya rasharasha.
Kreni ilitoka kiwanda cha saruji.
Dereva, Zenonas, alikataa kugusa mtambo
mpaka alipwe taslimu, tena kwanza,
maana serikali, alisema,
yaweza kubadilika kabla hajafika nyumbani.
Mhasibu wa manispaa nilikuwa mimi. Funguo za kasha, mimi.
Nikahesabu noti chini ya mwavuli,
zikalowa, tukazihesabu upya,
na yule wa shaba huko juu katunyooshea mkono
kama anayedai chenji yake.

Kijiko kikamgandia hewani.
"Stakabadhi unayo?"

Miaka thelathini na ushei,
na hakuna mwenye shahada aliyewahi kuniuliza hilo.
Tukashusha kopo la vifungo.
Chini kabisa, karatasi ya njano:
kreni moja, saa mbili, imelipwa.
Na sahihi imejikunja kama mkia wa nguruwe.

Akayaandika yote kwenye mtihani.
Ikarudi na wino mwekundu:
*Inavutia. Chanzo hakijathibitishwa.*
Itziar akaja juu, akataka kwenda kwa mkuu wa kozi.
Nikamwambia kaa.
Nikamwambia jina la ukoo la Zenonas,
naye akaliangalia jina la mwalimu juu ya karatasi yake,
akakaa.

Noti zile zilizolowa zilinunua viatu,
namba ishirini na tatu, vya buluu, vya kufunga kwa kifungo.
Nilimwona mtoto amevivaa kanisani, anavikagua kila hatua.

Sijui nani alimwambia.
Jumapili Rimvydas alibisha hodi, kofia mkononi,
eti amekuja kuthibitisha chanzo.
Nikaifuta meza. Nikaiweka mbele yake.
Hakusoma kiasi. Hakusoma tarehe.
Kidole chake kikaufuata ule mkia,
kuanzia mwanzo, mpaka unapoishia, kikarudi tena.
Kisha akauliza kama supu ipo.

Ilikuwepo. Nikaitia shibiti.
Chumbani Itziar alikuwa anafunga sanduku,
na zipu, kwa vitabu vilivyomo, inakataa.