Banda la Kuni, Njombe

Mlango wa chumba cha Baba tumeufanya ukuta.
Bado una bawaba moja, na tundu la ufunguo.
Misumari nimeinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja;
uliokataa nimeurudisha koponi.

Bati ni la jiko la zamani, jeusi kwa moshi,
matobo tumeyaziba kwa lami na matambara.
"Acha nafasi," alisema shangazi Sigilinda,
"kuni nazo hupumua."
Basi mabanzi ya kiwandani nikayaachanisha
vidole viwili, vitatu pale mkono ulipochoka.

Leo Julai, sakitu imelala juu ya kabichi.
Nachomoa gogo la muwati: kavu,
likigongwa linalia ko!
Upepo unapenya tundu la ufunguo
la mlango ambao Baba
aliufunga mapema kila jioni, kwa kuogopa baridi.