Zamu

Chombo cha kwenda kwenye nyota tulikijenga Pongwe,
ndani ya ghala la mkonge ambalo popo ndio waliobaki na ufunguo.
Kuta tulizivika karatasi ya fedha, ile ya kufungia keki za harusi.
Dirisha la rubani, mlango wa mashine mbovu ya kufulia.
Usukani ulitoka kwenye baiskeli ya Sekibaha,
aliyekuja mara tatu kuuliza mtafika lini huko,
maana anatembea kwa miguu.

Mimi nilishona mavazi.
Viroba vya mbolea nje, pamba ndani,
zipu za mabegi ya shule kutoka barabara ya nane,
na maandishi nikayageuzia ndani
ili mwanaanga asisomeke kifuani UREA KILO HAMSINI.
Hadithi aliiandika mume wangu, Mhina.
Nikadhani ni mambo ya nyota.

Safari ya miaka mia tatu. Watu wawili.
Mmoja kalala kwenye barafu, mmoja macho, analinda mitambo,
miaka kumi kumi,
kama walinzi wa benki.
Huonana saa moja tu,
huyu akiwa ameamka na yule hajalala bado.
Ndoa yao yote imo humo.

Jumapili ya kwanza umeme ulikatika.
Chombo kikasimama katikati ya ulimwengu
tukala mihogo mpaka uliporudi.

Ndipo Mwantumu, ndani ya kazi ya mikono yangu,
akainamia sanduku la barafu, akasema polepole:
"Chai iko kwenye chupa. Usimwamshe mtoto."

Sindano ilinichoma.

Maneno yangu hayo.
Nayasema kila alfajiri mlangoni, kiatu kimoja mguuni,
Mhina ndiyo kwanza anaingia kutoka kiwanda cha saruji,
kope nyeupe, mikono haishiki kitu,
nami nawahi cherehani ya watu Ngamiani.
Miaka sita nayasema.
Sikujua kuna mtu anayasikia.

Tindwa, mwongozaji, akapiga makofi: kata, kata!
"Mhina, chai gani hiyo ya miaka kumi isiyopoa?"
Mhina alikuwa juu ya ngazi, kashika taa.
"Itakuwa moto," akasema.
"Na mtoto? Humu chomboni hamna mtoto."
"Kalala."
Tindwa akatazama karatasi, akatutazama,
akajikuna shingo.
"Haya. Turudie."

Wakarudia mara nne. Kila mara chai ilikuwa moto.

Jumatatu nilichelewa kazini.
Sikusema neno, wala yeye hakuuliza.
Nilimimina vikombe viwili
tukaketi kizingitini, kumekucha nusu,
mimi navaa kiatu, yeye anavua.
Kikombe chake kimebaki na midomo ya saruji ukingoni.
Bado sijakiosha.