Kasha Lisilosema

Mama Apondi husoma vifo.
Kila jioni, chumbani mwake Nyalenda,
blanketi limetundikwa mlangoni,
huyasoma majina kwa Kidholuo, polepole,
marehemu, mtoto wa nani, mume wa nani, atazikwa wapi,
kisha huituma sauti redioni kabla ya saa moja.
Wiki jana kijana wa Ahero alimpigia:
"Mama, nyuma ya jina la baba kuna upepo.
Ni nini kile kinachovuma?"

Ni feni. Feni tatu za kompyuta ya mkopo.
Akaniletea, ameifunga kwa leso kama mtoto mgonjwa.
"Naliaka," akasema, "ifundishe adabu."

Nikapata kasha la mtumba, zito, jeusi,
mlango wake umepasuka, nimeubana kwa gundi.
Huko lilikotoka, nasikia, lilisifiwa kwa kutosema.
Ndani nikalibandika sponji
niliyokatiwa na fundi viti wa Kibuye.

Huwezi kupima ukimya mchana.
Kuna kinu cha posho cha akina Wandati,
kuna wagonga mabati, kuna jogoo asiyejua saa.
Alhamisi kuna kesha.
Nikangoja saa nane usiku, Februari,
joto limeufunika mji kama mfuniko wa sufuria,
ziwa halitoi hata pumzi.

Nikaiweka simu hatua moja kutoka mezani.
Kasha la zamani: desibeli arobaini na nne.
Hili jipya: thelathini.
Nikatabasamu gizani, peke yangu, kama mwizi.

Kisha nikaipa mashine kazi ya punda,
hesabu zisizomfaa mtu yeyote, nusu saa.
Nyuzi sitini. Sabini na moja. Themanini na tatu.
Tisini.
Nikagusa ubavu: paji la uso la mwenye malaria.
Wala haikulalamika.
Hilo ndilo lililonitia hofu.
Feni ikipiga kelele, angalau unajua.

Nikawasha dawa ya mbu, ile ya mzunguko,
nikaishika mbele ya kasha.
Moshi haukuingia. Ulisimama pale kama mgeni
aliyetaka kubisha hodi akasikia watu wakigombana.
Nikachukua wembe.
Sponji ya juu nikaing'oa, ya pembeni nikaiacha,
nikatoboa mashimo kumi na tisa mbele,
nikaigeuza feni moja niliyoifunga kinyume
(hilo sitamwambia mtu).
Moshi ukainama, ukaingia,
ukatokea nyuma umechoka.
Nyuzi sabini na mbili. Desibeli thelathini na tatu.
Nikaandika nyuma ya risiti ya tokeni.

Mashine ikabaki kunong'ona tu,
ndipo niliposikia vingine:
friji ya jirani ikikohoa na kunyamaza,
chura wa mtaroni,
tangi likidondoka, nami nilidhani nimeliziba,
na sikio langu la kushoto
lenye filimbi nyembamba isiyozimika.
Tangu lini? Sijui.

Siku tatu baadaye, simu.
"Naliaka, sauti ni safi. Safi mno.
Sasa nasikia ninavyomeza mate
kabla ya jina la mtu niliyemjua.
Na watu watasikia."
Akanyamaza. Nyuma yake hapakuwa na upepo.
"Unaweza kunirudishia kidogo?"

Nikaenda na bisibisi.
Nikaiongezea kasi feni ya nyuma,
kidogo, kidogo tena,
yeye amekaa, macho ameyafumba,
mkono juu, kama anayepimiwa mafuta ya taa.
"Hapo."

Simu ilisoma thelathini na sita.
Nyuzi zilishuka hadi sitini na nane.
Akaivuta karatasi ya jioni ile, majina saba,
la nne akalipitia mara mbili kwa kidole.
Nami nikauvuta mlango polepole
bawaba isilie.