Usiku Kipanga Aliposhuka kwa Miguu

Shilingi mia, na kama huna, ndoo ya maji ya kutuliza vumbi:
ndivyo tulivyoingia kwa Kundaeli, Pasua,
kibanda umiza cha mabati na magunia,
mabenchi manne, na televisheni yenye kisogo kirefu
iliyofungwa kamba isije ikaibiwa ikiwa inaongea.

Kabla picha haijaanza tulikuwa tumeshagombana.
Aikande alisema shujaa ni kuruka;
asiyeruka ni mgambo tu.
Siraji alisema ni siri:
siku mama yake akimjua, kwisha habari.
Mimi nilimpenda Binti Kioo, apitaye ukutani,
kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja
na baba alipenda kukaa hapo.

Lakini tukibanwa, wote tulikuwa wa Kipanga wa Shaba.
Joho jekundu, kidevu cha mraba,
na sauti. Sauti ilikuwa ya Kundaeli,
maana yeye ndiye aliyetafsiri,
kipaza sauti kikining'inia kwenye vidole vitatu
(viwili tulidhani alizaliwa bila),
akiwatia watu wa mbali Kiswahili cha Moshi:
"Mbe, mwachie huyo mama! Unajua mimi ni wa wapi?"
Na jambazi akajibu, kwa sauti ileile iliyobanwa puani,
kuwa hata yeye ana watoto wanasoma.

Usiku ule basi lilikuwa ukingoni mwa daraja,
magurudumu ya mbele hewani,
Kipanga amekunja ngumi, goti limeshainama,
umeme ukakatika.

Pasua nzima ikaguna kwa mkupuo mmoja.
Tukadai hela zetu. Siraji akadai maji yake.
Gizani Kundaeli akakohoa.
"Kaeni. Picha haijaisha."

Akaendelea bila picha.
Leo Kipanga haruki, alisema. Nguvu zimekatika na kwake.
Yuko mlimani, mawingu yako chini yake, saa saba usiku
(basi hatukuliona tena, wala hatukuliulizia),
mgongoni kabeba mtu mzima anayetapika,
kifua cha mtu kinachemka kama uji.
Wenzake wametangulia. Tochi imekufa.
Anashuka kwa kuhesabu: mia, halafu mia nyingine.
Changarawe inamkimbia chini ya kisigino.
Mikono haijui tena imeshika nini.

"Na joho?" Aikande akauliza.
"Amelivua. Kamfunika nalo."
"Sasa watamjuaje?"
Kundaeli akanyamaza mpaka tukadhani kalala.
"Hawakumjua," akasema.
"Asubuhi walimwuliza begi la mgeni liko wapi."

Umeme uliporudi
hakuna aliyeomba arudishiwe basi.

Filamu yenyewe nimeiona mwaka jana, kwenye simu,
nikisubiri zamu yangu ya usiku wodini.
Kipanga anaruka. Analinyanyua basi kwa kiganja kimoja,
nywele hazijachafuka,
abiria wanapiga makofi kama wako harusini.
Nikairudisha nyuma mara tatu, nikitafuta changarawe.

Jumamosi nikaenda Pasua.
Kibanda kimekuwa gereji ya pikipiki,
na yeye ana meza ya vocha na karanga pembeni,
mvi zimemwanzia masikioni.
Nikanunua karanga za mia tano kwa noti ya elfu.
Nikamwuliza: ile picha ya Kipanga,
ya usiku umeme ulipokatika,
yule mgonjwa alipona?

"Ipi?" akasema. "Nilitafsiri nyingi."
Akainamia kopo lake la sarafu,
akanihesabia chenji kwa vidole vitatu, polepole:
mia, halafu mia nyingine.