Kochi la Makorora

Fundi Shekigenda alitaja laki mbili,
hata kulikalia hakulikalia.
Nikasema haya, nitakupigia.
Nikaazima koleo kwa jirani.

Misumari mia na kumi na tatu,
ukucha mmoja umekwenda nayo.
Chini ya kitambaa, kitambaa,
chini ya hicho, gunia la sukari,
halafu katani, manjano vile vile,
ikanipigisha chafya.

Mama alikuwa chumba cha brashi, kiwandani Pongwe.
Kila jioni alitoka na konzi moja
ndani ya mkunjo wa kanga.
Mlinzi alipekua vikapu tu.
Miaka miwili, konzi kwa konzi,
nasi tukapata pa kukaa.

Nikapenyeza mkono hadi kiwikoni:
chanuo, shilingi tano,
na vidonge vya presha, kumi na saba,
alivyoapa amevimeza.

Nikakaa sakafuni kidogo.

Kisha sponji ya Barabara ya Nane,
nikaikata kwa kisu cha mkate.
Katani nimeirudisha chini yake, yote.
Pindo la kushoto limekwenda upogo.

Shangazi Mwanamkuu kaja, kakaa, kajisogeza.
"Humu mna kitu kinachoma."

"Mzoee," nikamwambia.